Msinitajie tena 2003: uzi wa mshabiki aliyechoshwa na timu ya kriketi ya Kenya

Kijiti cha Kati (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Uzi ni mrefu, asiye na subira apite tu, hakuna ugomvi.

Kila Kenya ikipigwa kwenye kriketi, hakosi mtu wa kuibuka na lilelile: "Lakini sisi tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003." Basi, mjadala umefungwa. Wallahi nimeuchoka mwaka huo. Nimeuchoka kuliko vipigo vyenyewe.

Na wengi wanaoutaja hawakuuona, kwa hiyo niwasimulie kidogo. Mashindano yalikuwa ya Afrika Kusini, na sisi na Zimbabwe tukapewa mechi chache. New Zealand wakakataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, miezi michache baada ya bomu la Kikambala, tukachukua pointi za mezani. Tarehe 24 Februari, uwanja wa Nairobi Gymkhana, tukaifunga Sri Lanka kwa mikimbio (ndizo alama za kriketi) 53, na hiyo haikuwa ya mezani. Kennedy Otieno alipiga 60, tukafikisha 210, halafu Collins Obuya, kijana wa miaka 21 mwenye mpira wa kuzunguka, akaangusha wiketi 5, yaani akawatoa wapigaji watano, kwa mikimbio 24 tu. Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa 1996, wakatolewa wote kwa 157. Tukaifunga Canada, tukaifunga Bangladesh, tukaifunga Zimbabwe kwenye hatua ya timu sita, mara tuko Durban tunatazamana na India. Ganguly alipiga 111 na hakutolewa, Tendulkar 83, tukalala kwa mikimbio 91.

Siku tano kabla, uwanja huohuo, kulitokea kitu ambacho mimi hukipenda kuliko nusu fainali yenyewe. Asif Karim alikuwa na miaka 39. Alikuwa ameshastaafu, akaitwa arudi. Australia, timu iliyokuwa haifungiki, walikuwa wanatafuta mikimbio 175 na wanaikimbiza kama watu wanaowahi gari la mwisho. Karim akapewa mpira. Hana mbio, hatua chache tu, mpira unatoka mkononi polepole, unatua palepale kila mara. Ponting akatolewa. Lehmann akaenda. Hogg akaenda. Alirusha ova 8 (ova moja ni mipira sita) na mipira miwili, ova 6 kati ya hizo hazikutoa hata mkimbio mmoja, na kwa jumla akatoa mikimbio 7. Tulifungwa mechi, lakini mchezaji bora wa siku akawa yeye.

Sasa mniambie. Nchi inayomtoa mtu wa miaka 39 kwenye kustaafu aende kuizuia Australia, tuisifu au tuiulize mrithi wake yuko wapi?

Swali hilo hakuna aliyeliuliza. Tulirudi nyumbani tukapokewa kwa shangwe, pesa za mashindano zikaja, na ugomvi ukaja nazo. Wachezaji wakagoma kudai malipo. Chama kikapasuka. Wadhamini wakaondoka mmoja mmoja. Agosti 2004 Maurice Odumbe, shujaa wa miaka ya tisini, akafungiwa miaka 5 kwa kushirikiana na mcheza kamari. Serikali ikaingilia, na 2005 chama kipya kikaundwa. Mnaona? Miaka miwili tu baada ya nusu fainali tulikuwa tunaanza upya ofisini, huku uwanjani hakuna kilichopandwa.

2007, Kombe la Dunia la kwanza la T20, ule mchezo mfupi wa ova 20 kila upande, Sri Lanka walewale wakatupiga 260 kwa ova 20 mjini Johannesburg. Sisi tukapata 88. Kombe la Dunia 2011 tulicheza mechi sita tukafungwa zote sita, Canada wakiwemo. Mechi ya kwanza, Chennai, New Zealand walitutoa wote kwa 69 kisha wakazipata zote kwa ova 8 bila kupoteza wiketi. Watu walikuwa bado wanatafuta viti vyao. Kitu kimoja tu cha kujivunia kilikuwa Collins Obuya, 98 bila kutolewa dhidi ya Australia. Na nahodha wetu wa zamani Steve Tikolo alikuwa bado anapanga foleni ya kupiga, sasa na yeye ana 39. Miaka minane imepita, majina yaleyale.

Januari 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za ova 50. Hong Kong na Papua New Guinea wakaipata. Februari 2018 tukaenda Namibia kwenye Daraja la Pili la Ligi ya Dunia ya Kriketi, tukamaliza wa mwisho; nahodha akajiuzulu, kocha akajiuzulu, mwenyekiti wa chama akajiuzulu. Nilidhani pale angalau tumegota sakafuni.

Agosti 2024 wakamtangaza Dodda Ganesh wa India kuwa kocha mpya. Septemba haikuisha, akaambiwa ajira yake haikufuata utaratibu. Mwezi mmoja! Hata mpangaji wa chumba hupewa notisi ndefu kuliko hiyo.

Ndiyo maana nasema msinitajie 2003. Si kwamba haikuwa kweli. Ilikuwa kazi ya kundi moja la watu waliotoka klabu chache za Nairobi na nyumba zisizozidi vidole vya mkono, na tuliila bila kubakiza mbegu. Karibuni.

Mtoto wa Makadara

Kwani Kenya ina timu ya kriketi? Nilidhani ni mchezo wa Wahindi wa Parklands 😂

Kijiti cha Kati

Wewe ndiye mfano wangu halisi. Si kosa lako, uliza tu shule uliyosoma kama ilikuwa na bati hata moja, lile la kupigia mpira, si la paa.

Lakini hilo la "Wahindi" nikurekebishe. Mchezo uliletwa na Wazungu, ukalelewa na Wahindi, hilo liko wazi. Timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Kombe la Dunia la kwanza, Uingereza 1975, karibu wote walikuwa Wahindi wa kwetu, nahodha Harilal Shah. Ila waliotupeleka mbali baadaye ni akina Tikolo, Odumbe, Odoyo, Suji na Obuya, pamoja na akina Karim, Modi na Chudasama. Ile timu ilikuwa na sura ya Kenya kuliko hata Bunge. Ni timu ipi nyingine ya taifa ungemkuta Mjaluo, Mluhya, Mgujarati na Mwislamu wa Mombasa wamesimama pamoja wakingoja mpira upande hewani?

Mzee wa Ngara

Kijana umeandika vizuri lakini umemsahau mkosaji mkubwa. Mimi nilikuwepo Gymkhana miaka ile uwanja unajaa. Oktoba 1996 nilimwona Afridi wa Pakistan, mtoto wa miaka 16 kwa umri uliotangazwa, anapiga mia moja kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka. Rekodi hiyo ilikaa mpaka 2014. Mwaka 2000 tuliandaa mashindano ya ICC, shirikisho la kriketi duniani, hapohapo, New Zealand wakaifunga India fainali. Nairobi ilikuwa kituo cha kriketi duniani, usicheze.

Na kabla ya hapo, 29 Februari 1996, Kombe la Dunia, Pune kule India. West Indies ya Lara, Richardson, Ambrose na Walsh. Sisi tumepiga 166 tu, watu wanacheka. Rajab Ali akamng'oa Richardson, halafu Lara mwenyewe akagusa mpira ukaingia kwenye glovu za mlinda wiketi wetu Tariq Iqbal. Lara ana 8! Odumbe akachukua wiketi 3 kwa 15. West Indies wote 93. Redioni tulisikia tukadhani mtangazaji amekosea kusoma.

India tuliifunga Gwalior 1998, tukaifunga tena Port Elizabeth 2001. Baada ya yote hayo ICC ilitupa nini? Tuliomba hadhi ya Test, ile kriketi ya siku tano ya mataifa makubwa, tukanyimwa. Bangladesh tuliokuwa tunawafunga wakapewa mwaka 2000. Baada ya nusu fainali wakubwa wote wakatukimbia. 2004 yote mechi zetu za ova 50 zilikuwa mbili, za Kombe la Mabingwa kule Uingereza. Mchezaji atakuaje bila mechi? Hao ndio waliotuua, si viongozi peke yao.

Kijiti cha Kati

Mzee shikamoo. Kuhusu mechi uko sahihi kabisa na sibishi: timu iliyotoka nusu fainali kuachwa bila mechi ni dhulma. Na Bangladesh inaniuma mpaka leo. Aprili 1997, Kuala Lumpur, fainali ya ICC Trophy, mashindano ya kufuzu Kombe la Dunia, Tikolo anapiga 147, mvua inaingilia, mechi inasukumwa mpaka kesho yake, na Bangladesh wanaipata kwenye mpira wa mwisho kabisa. Oktoba mwaka uleule wakaja Nairobi, Kennedy Otieno 144, Deepak Chudasama 122, wawili hao wakafungua kwa mikimbio 225, sisi jumla 347. Tukawafunga kwa 150. Ukiangalia miaka ile huwezi kuamini nani amekwenda wapi.

Lakini mzee wangu, ICC haikumzuia mtu kuanzisha ligi ya shule Kisumu. Bangladesh walikuwa na ligi ya klabu pale Dhaka yenye watu na pesa kabla hawajapewa chochote. Na Afghanistan je? 2008 walikuwa Daraja la Tano, wanacheza kisiwani Jersey. Oktoba 2013 wakatufunga Sharjah, wakapita kwenda Kombe la Dunia 2015, sisi tukabaki. Nani aliwapendelea wale? Wamejifunzia kambi za wakimbizi.

Dhulma ya ICC ilitukuta tukiwa na kizazi kimoja. Ingetukuta na viwili tungeivumilia.

Dar Mkongwe

Aisee wakuu, poleni jirani 😅 Sisi Bongo tunaendelea kimyakimya tu. Oktoba 2025 pale Harare, nusu fainali za kufuzu Kombe la Dunia la T20 zilikuwa na timu nne: Zimbabwe, Namibia, Kenya na Tanzania. Tuliokuwa hatujulikani tumekaa meza moja na nyie. Na madogo wetu wa chini ya miaka 19 wamefuzu Kombe la Dunia la 2026, mara ya kwanza kwa nchi yetu. Mtatukuta mbele.

Kijiti cha Kati

Hongereni kwa moyo mweupe, mkuu, na ndiyo hoja yangu hasa. Pale Harare wote wawili tulifungwa, nyie na Namibia, sisi na Zimbabwe. Tofauti ni kwamba kwenu ile nusu fainali ilikuwa kupanda ngazi. Kwetu watu walishangilia timu kufika nusu fainali ya Afrika, sisi tuliowahi kufika nusu fainali ya dunia. Na hao madogo wenu ndio wanaonitia wivu kuliko timu ya wakubwa. Timu ya miaka 19 ikifuzu maana yake kuna mtu aliwakuta wakiwa na miaka 12 akakaa nao.

Na si nyie tu. Uganda walicheza Kombe la Dunia la T20 2024. Ndiyo, West Indies waliwatoa kwa 39, lakini waliifunga Papua New Guinea, na Frank Nsubuga mwenye miaka 43 akarusha ova zake 4 kwa mikimbio 4 na wiketi 2. Rwanda, nchi ambayo 2003 sijui kama ilikuwa na kiwanja kimoja cha maana, wasichana wao wa chini ya miaka 19 waliifunga West Indies kwenye Kombe la Dunia la 2023. Namibia imeifunga Sri Lanka, na Oktoba 2025 ikaifunga Afrika Kusini.

Nani alikuwa anawafundisha baadhi ya hao? Steve Tikolo alikwenda kuinoa Uganda. Martin Suji amewahi kuinoa Rwanda. Elimu yetu imevuka mpaka kwa miguu yake, kwa sababu nyumbani hakukuwa na kiti cha kukalia.

Mswahili wa Muscat

Asalaam aleikum ndugu. Niwape ya huku. Novemba 2018 Kenya ilikuja Oman kucheza Daraja la Tatu, uwanja wa Al Amerat, mlima uko nyuma yake. Sisi wa lugha moja tulifurahi tukaenda kuwashangilia. Oman na Marekani wakapanda, Kenya hawakupanda. Kilichonishangaza ni vijana wetu wanavyorusha mpira vizuri kisha wakishika bati wanakuwa kama hawakufanya mazoezi pamoja. Ova kumi za mwanzo wamejifunga kamba wenyewe.

Na Oman wenyewe si matajiri wa wachezaji kama mnavyodhani. Wengi ni wafanyakazi waliotoka Pakistan na India, mchana kazini, jioni mazoezini. Lakini uwanja upo, taa zipo, na chama kina mtu mmoja anayejulikana wa kuulizwa. 2021 waliandaa mechi za Kombe la Dunia la T20 palepale. Mimi naona tatizo la Kenya ni nyumba isiyo na baba.

Binti wa Nakuru

Nyumba ina akina baba wengi mno, hilo ndilo tatizo, Mswahili 😄 Uchaguzi, kesi, kamati ya muda, tena kesi. Mshabiki ukitaka kujua nani anaendesha kriketi mwaka fulani inabidi ukaulize mahakamani.

Lakini mbona hamtaji wanawake? Mnazungumzia familia za kriketi, ya akina Ngoche ndugu wanne wameichezea Kenya: Lameck Onyango, Nehemiah Odhiambo, James na Shem. Na dada zao Mary Bele na Margaret wameichezea timu ya wanawake. Nyumba moja imetoa timu ya taifa nusu, tena pande zote mbili. Hamkuona hilo kuwa habari?

Niliwahi kucheza shuleni. Tulikuwa na seti moja ya pedi za kukinga miguu. Anayetoka anazivua kabla hajafika kwenye kivuli, anayeingia anazivaa mbio, mwamuzi anaangalia saa. Mpira wa ngozi ukipotea kwenye nyasi mechi inasimama, wote tunapiga magoti kuutafuta maana hakuna mwingine. Mwalimu aliyekuwa anatufundisha alihamishwa, na kriketi ikahama naye.

Kijiti cha Kati

Dada umenishika pabaya na umenisaidia pia. Hao akina Ngoche ndio hoja yangu kwa mifupa. Familia kuzaa wachezaji sita ni sifa kwa familia, ila kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 50 ni aibu. Maana yake mtoto wa Kenya anajua kriketi kwa kaka yake, kwa jirani, au kwa kukaa karibu na uzio wa klabu, si kwa shule. Irfan Karim, aliyekuwa anafungua kupiga, ni mwanawe Asif. Wote hao walistahili, sikatai. Lakini uzio wa klabu ni mfupi, watoto wanaokaa karibu nao ni wachache.

Na hiyo ya mwalimu kuhamishwa iandikwe kwa wino. Mnataka kujua kwa nini ova kumi za mwanzo vijana wanajifunga kamba? Kurusha mpira unaweza kujifunza peke yako, na ukuta na mpira mmoja. Kupiga kunataka mtu akurushie mipira mia mbili kwa siku, kiwanja kilicholazwa vizuri, na pedi zako mwenyewe. Ndiyo maana miaka yote hii Kenya haikosi warushaji, inakosa wapigaji. Tangu Tikolo hatujampata mpigaji ambaye timu pinzani inakaa kikao kwa ajili yake.

Mtoto wa Makadara

Sawa nimekubali timu ipo 😂 Ila mkuu mbona hata uwanjani hamuendi? Nyie mashabiki mnalia mitandaoni tu.

Kijiti cha Kati

Nilikuwa Ruaraka Oktoba 2024, bwana mdogo, mechi za kanda ya Afrika za kufuzu Kombe la Dunia la T20. Tarehe 23 Zimbabwe walicheza na Gambia. Sikandar Raza alipiga 133 kwa mipira 43. Jumla ya Zimbabwe ikawa 344 kwa ova 20, kubwa kuliko zote zilizowahi kupigwa kwenye T20 za kimataifa, za wanaume, dunia nzima. Gambia wakapata 54. Rekodi ya dunia imevunjwa Nairobi, kando ya Thika Road, siku ya Jumatano, na watu waliokuwa wanatazama ungeweza kuwapakia kwenye matatu mbili. Nje pale mama wa mahindi akaniuliza kelele za nini. Nikamwambia. Akauliza, "Ni Kenya?" Nikasema hapana, sisi ni wenyeji tu. Akageuza mahindi yake.

Kenya yenyewe ilipita hatua ile nyuma ya Zimbabwe, kwa hiyo sisemi timu imekufa. Kuna vijana wanacheza vizuri. Lakini tulikuwa na dunia nzima uani kwetu tukasahau kuwaambia majirani.

Mzee wa Ngara

Siku ile 2003 ya Sri Lanka, barabara ya kuingia Gymkhana haikupitika. Ninyi vijana hamjui.

Kijiti cha Kati

Mzee, tumekubaliana hatutaji 😂

Mzee wa Ngara

Haya. Ila niulize jambo moja la kazi. Hapa Ngara kuna watoto wanacheza na mpira wa tenisi uchochoroni kila jioni, wengine wana mkono mzuri sana. Nimewapeleka klabu moja, nikaambiwa mpaka wawe na mzazi mwanachama. Nani anajua kocha anayepokea watoto bila hayo mambo?

Binti wa Nakuru

Mzee nitumie ujumbe pembeni. Namjua mmoja, anafundisha Jumamosi asubuhi, anataka tu waje na viatu na maji. Pedi anazo seti tatu.